Damu ya Papa Berchmans na Majina Thelathini na Saba

Ijumaa hii, tarehe 31 Mei 2024, saa tisa na nusu alasiri, Papa Jean-Berchmans atavua koti lake jeupe, atalikunja mara nne kama anavyolikunja kila siku, na kulirudisha stoo. La kwanza alilivaa Jumatatu tarehe 5 Septemba 1988. Kati ya makoti hayo mawili kuna miaka thelathini na mitano na karibu miezi tisa ya utumishi, yote katika maabara ya hospitali yetu hapa Kalundu, mjini Uvira, hatua mia mbili kutoka bandarini.

Kamati ya sherehe ya kumuaga imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu ndimi mkuu wa maabara, yaani mkuu wake wa kazi. Dada Iribagiza, laborantin (mpimaji wa maabara) mwenzetu anayesimamia jarida hili la wafanyakazi, alinipa maagizo mafupi: "Docta, uandike kitu ya kufurahisha, bantu bacheke." Nitajitahidi. Papa Berchmans ametuachia vichekesho vingi vya kutosha. Lakini naomba msamaha mapema: kuna mahali kicheko kitakwama kooni, na kosa litakuwa langu, si lake.

Alizaliwa hapa hapa Kalundu, mtoto wa mpagazi wa bandarini. Alipoajiriwa, kazi yake ilikuwa kuosha vyombo vya kioo. Mwaka wa pili, laborantin wa zamu alirudi kutoka kula akamkuta muosha vyombo amekalia darubini. Badala ya kumfukuza, akamuuliza anaona nini. Alikuwa anaona malaria, na alikuwa sahihi. Hospitali ikampeleka Bukavu kusoma miaka miwili, akarudi na diploma yake ndogo na kukaa kwenye dirisha la kushoto, lile linalotazama ziwa. Hajahama hapo mpaka leo.

Wagonjwa wa zamani wanamjua kwa sauti kuliko kwa sura. Betri za saa ya maabara zilipokwisha miaka hiyo, na hakuna aliyeleta nyingine, Papa Berchmans aligundua kwamba rangi inayopakwa juu ya damu kwenye kioo hukaa muda sawasawa na wimbo mmoja wa kanisani wenye beti tano pamoja na kiitikio. Akawa anaimba. Korido nzima ikawa inamwitikia, na matokeo yakatoka safi. Siku moja mchungaji mmoja aliyekuwa kwenye foleni alinogewa akaongeza ubeti wa sita na wa saba kwa sauti kubwa. Vioo kumi na viwili vikaharibika. Mchungaji alitobolewa kidole upya pamoja na wengine kumi na mmoja, na Papa Berchmans akamwambia kwa upole kwamba maabara haina sadaka ya pili. Saa mpya ilikuja baadaye. Yeye bado anaimba.

Vita ilipofika mjini mwaka 1996 na watu wakakimbia, darubini yetu pekee ilikuwa hatarini kuporwa. Papa Berchmans aliifunga kwa kitenge mgongoni mwa mkewe, Mama Georgette, akaifunika na kofia ya mtoto. Kwenye kizuizi askari alitaka kumwona huyo mtoto. Mama Georgette hakutetereka. "Analala, musimwamushe, akilia hanyamazi," alisema. Wakapita. Mtoto huyo aliishi milimani miezi mitano, akarudi salama, na ndiye aliyenifundisha mimi vijidudu nilipofika hapa mwaka 2017 na digrii yangu mpya kutoka Kinshasa. Na ziwa lilipopanda likaingia stoo, ni Papa Berchmans aliyekunja suruali akasimama kwenye maji ya magoti kutwa nzima, akipitisha makasha mkono kwa mkono huku akiwaita mikeke, samaki wa ziwa letu walioogelea miguuni mwake, kwa majina ya madaktari waliotuacha.

Sasa nifike kwenye jambo linalofanya jina lake litajwe katika kila wodi.

Mashine ya maabara ni kama mzani wa sokoni. Kabla ya kuuamini, uujaribu kwa kitu ambacho uzito wake unaujua. Maabara zenye uwezo hutumia damu maalumu iliyopimwa kiwandani. Ya kwetu iliacha kufika mwaka 1999, barabara zilipofungwa. Papa Berchmans hakusubiri barabara. Kila Jumatatu, saa moja kasoro robo asubuhi, alikunja mkono wa shati, akajitoa damu yake mwenyewe kwenye mkono wa kushoto, akaandika juu ya tyubu neno "témoin", ndivyo tunavyoiita damu ya kulinganishia. Yeye alikuwa mzima, na namba zake tulizijua kwa moyo: sukari yake, wekundu wa damu yake, kila kitu. Mashine ikitoa namba zake kama kawaida, kazi inaanza. Ikitoa namba nyingine, mashine ndiyo mgonjwa, aitwe fundi.

Kwa miaka ishirini na minne, tyubu zaidi ya elfu moja, hospitali hii ilijipima kwa damu ya mtu mmoja. Wauguzi wakawa wanamwambia mgonjwa aliyepona, "Sasa uko normal kama Papa Berchmans." Wageni waliotutembelea walicheka, kisha wakavua kofia. Hakuna aliyemlazimisha na hakuna aliyewahi kumshukuru kwa maandishi. Nafanya hivyo leo, kwa kuchelewa. Na mambo mengine mengi nayafanya leo kwa kuchelewa.

Mwezi wa Juni 2022 watafiti walituletea kipimo kipya cha damu. Wengi mnajua kolesteroli: mafuta yanayosafiri mwilini ndani ya chembe ndogo ndogo. Tulizoea kupima wingi wake tu. Kipimo hiki kipya kilitafuta kitu kingine, yaani chembe ambazo zimebadilika, zimeharibiwa na moshi, tumbaku, sukari nyingi na mengineyo, kwa maana chembe za namna hiyo ndizo hupenda kung'ang'ania kwenye kuta za mishipa ya moyo. Mtu anaweza kuwa na kolesteroli ya kawaida kabisa na bado chembe zake nyingi zikawa zimeharibika. Nilijaribu kuwaeleza watu kwa maneno ya chuo na walinitazama kwa huruma. Papa Berchmans aliwaeleza kwa mawese. "Mama, ukienda sokoni kununua mawese, unauliza ndoo imejaa? Kwanza unanusa. Docta alikuwa anaangalia ndoo. Sasa anataka kunusa." Foleni nzima ilielewa kabla hajaweka sindano chini.

Tulichukua damu ya watu mia mbili na kumi na wanne: wapagazi wa bandari, wakulima wa mpunga wa Bwegera, wafugaji walioshuka kutoka milimani, na mama wanaokausha samaki kwa moshi hapa Kalundu. Kila mmoja alipewa namba. Majina yalikaa kwenye daftari moja ndani ya droo yangu, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Papa Berchmans alijua namba tu. Ndivyo utafiti unavyotaka, na nawaomba mlikumbuke hilo daftari.

Safari hii damu ya kiwandani ilikuwepo. Watafiti walituma chupa sita kupitia Bujumbura. Zilikaa siku kumi na moja mpakani kwenye joto, kwa sababu karatasi moja ya ruhusa niliisahau mezani mwangu, chini ya kikombe. Zilipofika zilikuwa hazifai hata kumwagilia maua. Kuagiza nyingine kungechukua muda, na Alhamisi ile wageni wakubwa walikuwa wanakuja kusikia matokeo. Nilishaandika hotuba. Nikaamua tutumie témoin, kama siku zote.

Papa Berchmans akajitoa damu, akaipima. Karatasi iliyokuja na kipimo ilisema mtu akizidi sitini aangaliwe moyo. Namba yake ilikuwa tisini na nne. Akarudia: tisini na tatu. Akarudia tena: tisini na tano.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilitabasamu. Kolesteroli ya kawaida ya Papa Berchmans ilikuwa nzuri, presha nzuri, mwili mwembamba, hanywi wala havuti. Kama yeye ana tisini na nne, nikasema, basi hiyo karatasi iliandikwa kwa watu wa nchi nyingine wanaokula vyakula vingine, na mstari wetu sisi wa Uvira ni tisini na nne. Chini ya hapo, mtu yuko salama. Niliona nimegundua kitu.

Alisimama mbele ya meza yangu na ile tyubu mkononi. Maneno yake nayakumbuka yote: "Docta, minye siko mita. Niko muntu. Kama hii namba iko mubaya, pengine minye ndiye mugonjwa, na tutadanganya bantu."

Nikamjibu, mbele ya Iribagiza na wagonjwa wawili, "Papa, weye uko na diploma gani?"

Nimeandika sentensi hiyo mara tatu na kuifuta mara tatu. Sasa nimeiacha. Alikuwa na umri wa baba yangu. Darubini niliyojifunzia aliiokoa yeye. Aliinamisha kichwa akasema, "Sawa, Docta," akarudi dirishani kwake. Siku ile hakuimba. Jioni nilipopitia daftari la kazi nilikuta ameandika kwa kalamu nyekundu: "Témoin hafai kwa kipimo hiki. J.-B." Nikafunua ukurasa unaofuata.

Alhamisi nilihutubia. Nilipigiwa makofi. Watu tisa waliozidi tisini na nne waliitwa hospitalini. Wengine wote walipewa karatasi, na juu yake nilipiga muhuri niliouchongesha sokoni kwa ajili hiyo, wino wa bluu: MOYO SALAMA. Kipimo hicho hakipimi moyo. Kinatoa ishara tu kwamba hatari ipo au haipo, na hata wataalamu bado wanabishana kuhusu mipaka yake. Lakini muhuri ulipendeza. Kati ya waliopewa karatasi hizo, thelathini na wanane walikuwa kati ya sitini na tisini na nne. Papa Berchmans mwenyewe, aliyezidi sitini kwa mbali, sikumpeleka kwa daktari yeyote. Nilimrudisha kazini.

Nyani haoni kundule. Nilikuwa najua kuona kosa la mashine, la karatasi, la watu wa nchi nyingine. Kwangu sikuangalia.

Jumanne tarehe 9 Januari mwaka huu, Papa Berchmans alikuwa anapandisha kasha la vioo kutoka stoo. Kwenye ngazi ya nne alikaa chini, akaliweka kasha taratibu bila kuvunja hata kioo kimoja, akashika mkono wa kushoto, mkono ule ule. Iribagiza alimfikia wa kwanza. Anasema Papa alimwambia atoe damu kwanza, amwite daktari baadaye, "kwa sababu ikichelewa haitasema kweli". Ulikuwa mshtuko wa moyo. Tulimvusha mpaka kwenda Bujumbura siku hiyo hiyo, na madaktari wa kule wakamwokoa. Daktari mmoja alinipigia simu kuniuliza mgonjwa huyu ameishi na moshi kiasi gani. Nikakumbuka kwamba Mama Georgette anakausha mikeke na ndagala, yaani dagaa, nyuma ya nyumba, na kwamba mumewe, kila atokapo kazini, hukaa naye mekoni kugeuza samaki. Miaka thelathini ya ndoa njema, yote ndani ya moshi. Ningeweza kulijua hilo mwaka 2022 kwa kuuliza swali moja.

Tarehe 14 Machi, akiwa bado mapumzikoni, alikuja maabara, shati limempwaya, amebeba fimbo anayojifanya haitumii. Hakuja kunilaumu. Alileta fomu ya masahihisho, ile ya kijani, ambayo hospitali huitumia pale maabara inapotoa matokeo yasiyo sahihi. Inahitaji sahihi mbili, ya aliyepima na ya mkuu wa maabara. Alikuwa ameijaza kwa mwandiko wake wa duara: namba thelathini na nane, moja chini ya nyingine, na sababu: "Mstari uliwekwa kwa damu ya mgonjwa." Chini amesaini. Mahali pangu pako wazi.

Nilimwambia nitaisoma. Niliifungia kwenye droo, juu ya daftari la majina.

Msiniulize nilikuwa nasubiri nini, maana nimejiuliza na jibu lenyewe linanitia aibu kuliko kosa. Nilikuwa naogopa kuchekwa. Niliona sura za watafiti, za wageni walionipigia makofi, zenu nyinyi kwenye mkutano wa Jumatatu. Nilijiambia ni utafiti tu, hakuna anayekufa kwa utafiti. Namba alizokuwa nazo Papa Berchmans zilikuwa hazimsaidii kitu, hawezi kugonga mlango wa namba. Majina nilikuwa nayo mimi.

Mmoja kati ya wale thelathini na wanane alimpata bila mimi. Mama Naomie anakausha samaki pamoja na Mama Georgette, meko yao yamepakana. Mwezi wa Aprili alianza kuishiwa pumzi akibeba beseni, na kifua kumbana. Walipomsihi aje hospitalini alikataa. Karatasi yangu, yenye namba yake ya utafiti, ilikuwa ndani ya Biblia yake. Aliitoa, akawaonyesha muhuri wa bluu, akamwambia Papa Berchmans aliyekuwa amekaa na fimbo yake, "Moyo yangu iko na karatasi. Yako iko nayo?" Walicheka wote watatu. Kisha Papa Berchmans, ambaye bado alikuwa katika mapumziko ya ugonjwa, alisimama, akamwita motari, dereva wa pikipiki ya abiria, akampakia Mama Naomie, yeye akapanda nyuma yake na fimbo yake, wakaja hivyo hivyo hadi hapa mlangoni.

Alifika kwa wakati. Leo anatumia dawa, meko ameyahamishia nje penye upepo, na atakuwa kwenye safu ya pili ya viti. Siku ile Papa Berchmans aliingia ofisini kwangu, akaiweka ile karatasi yenye muhuri juu ya meza, akatoka. Na hata siku ile, ndugu zangu, sikufungua droo.

Hospitali yetu ina desturi nzuri. Mwezi mmoja kabla ya mtu kustaafu, kamati humtumia bahasha yenye karatasi tupu ili aandike zawadi anayoitaka. Tumeshanunua mbuzi, redio, baiskeli, na mwaka ule wa dereva wetu mzee, seti ya meno. Karatasi husomwa mbele ya kamati nzima, na kelele huwa nyingi. Ya Papa Berchmans ilifunguliwa tarehe 20 Mei. Iribagiza aliisoma mara mbili, akaigeuza kuangalia nyuma. Ilikuwa na maneno manne: "Majina thelathini na saba."

Kamati ilidhani ni mzaha. Mmoja alisema labda anataka tuandikwe wote kwenye zulia. Mwingine alisema ugonjwa umemchosha mzee. Wakaamua wamnunulie kiti. Nilikuwa nimekaa mwisho wa meza, nimeshika soda, na sikuweza kuinua macho. Mtu aliyetoa damu yake kwa miaka ishirini na minne ili sisi tujue ukweli alikuwa anauomba ukweli huo urudi, kama zawadi, kwa sababu tarehe 31 angekabidhi koti na asingekuwa tena na sahihi ya kuweka popote. Alijua kwamba mimi nitaelewa. Alinipa siku kumi na moja, idadi ile ile ya siku ambazo chupa zilikaa mpakani. Sijui kama alizihesabu. Mimi nimezihesabu.

Jana, Alhamisi tarehe 30 Mei, nilifungua droo. Fomu ya masahihisho nimeisaini mbele ya mkurugenzi, na nakala imekwenda kwa watafiti. Sahihi ya Papa Berchmans ni ya Machi, yangu imechelewa siku sabini na saba. Daftari la kazi la mwaka 2022 nalo nimelifungua pale penye wino mwekundu, na chini ya maneno yake nimeandika: "Ni kweli. Mkuu alikataa kusikia." Chupa mpya za kulinganishia zimefika Jumanne iliyopita. Safari hii karatasi ya ruhusa niliibeba mwenyewe mpaka Bujumbura. Zimechukua siku moja. Siku moja tu, ndugu zangu, ndiyo niliyokuwa naikimbia muda wote huu.

Témoin amepumzishwa rasmi. Mkono wa kushoto wa Papa Berchmans hautatobolewa tena kwa ajili ya mashine zetu.

Mwandishi wa wasifu hutakiwa kutaja mafanikio. Basi nitaje. Amesoma vioo vya damu ambavyo hakuna awezaye kuvihesabu. Amefundisha laborantin kumi na saba, na wawili kati yao sasa ni wakuu wa maabara kubwa kuliko hii. Hajawahi kupitisha kimya matokeo asiyoyaamini, hata pale mkuu wake alipomwamuru. Aliyaandika, kisha akaandika kando yake kwamba si ya kweli. Ninyi vijana wa maabara mnaoanza kazi, jifunzeni kwa kalamu hiyo nyekundu. Kutoka kwangu mjifunze kwamba digrii haizuii mtu kuwa mpumbavu.

Sasa, Papa, niseme na wewe mwenyewe, maana nimekusema kwa wengine vya kutosha.

Nilikuvunjia heshima mbele ya watu wawili wasiotujua na mmoja anayetujua. Nakuomba msamaha mbele ya hospitali nzima, na najua haitoshi. Nilikuwa na ugonjwa wako mkononi, umeandikwa kwa namba, nikaugeuza kuwa kipimo cha afya ya wengine. Ulilipa wewe, ukiwa kwenye ngazi, na hata hapo ulilinda vioo vyetu.

Wenzako wamekununulia kiti. Ni cha mvule, kina mikono mipana, na Mama Georgette amekikalia kukijaribu akasema kinafaa. Lakini siyo zawadi uliyoiomba. Uliyoiomba iko mezani mbele ya kiti, ndani ya bahasha za kaki. Majina hayatachapwa hapa kwa kuwa ni siri ya wenyewe. Ni barua thelathini na saba, nimeziandika zote kwa mkono na kuzisaini moja moja, hazina muhuri wowote. Kila moja inasema tulikosea, inasema kosa ni la nani, inasema ishara ya hatari si hukumu, na inamwomba mtu aje apimwe tena bila kulipa. Sijui kama wote thelathini na saba wako hai. Nimeandika kana kwamba wako hai, na kwenye kila bahasha nimeweka jina na mahali, kuanzia Kalundu mpaka milimani.

Mkurugenzi amekuruhusu kwa maandishi uifanye kazi hii ya kuzipeleka ukiwa mstaafu, kwa muda unaotaka. Sikukuombea uifanye peke yako. Kesho Jumamosi, saa moja kasoro robo asubuhi, saa yako ile ya Jumatatu, nitakuwa nimesimama nje ya nyumba yako na pikipiki mbili. Ya kwanza utapanda wewe na ya pili nitapanda mimi na bahasha. Tutaanzia Bwegera, na mlangoni nitaongea mimi. Wewe utanisikiliza, na nikiongeza chumvi au nikipunguza, utanisahihisha mbele yao.

Asante kwa miaka thelathini na mitano, kwa nyimbo za beti tano, kwa yule mtoto wa kioo uliyembebesha mkeo, na kwa damu. Mungu akupe miaka mingi isiyo na moshi, wajukuu wenye kelele, na mikeke iliyokaushwa na mwingine. Moyo wako upumzike.

Kiti utakikalia tukirudi.

Docta Merdi, mkuu wa maabara